Hesabu za Julai

Mwezi huu nimechekesha watu mia nne na kumi na mmoja.
Nimewahesabu mwenyewe kutoka jukwaani
huku mdomo ukiendelea na kazi yake.
Nimemtoa yule wa Babati,
aliyekuwa anacheka na simu.

Tarehe tatu, Njiro, harusi ya wenye fedha.
Mshereheshaji akashika kipaza sauti:
"Kwa sababu ya muda, mchekeshaji wetu ana dakika nne."
Keki ilikuwa imepewa ishirini.
Nikapanda. Mbele yangu ndafu,
mbuzi mzima kasimama, majani mdomoni.
Tukatazamana.
Yeye ndiye aliyepigiwa makofi.

Arusha hawakupi kicheko mkononi.
Julai ile, baridi ile, mikono ndani ya makoti,
wanakutazama kama fundi aliyekuja kuomba malipo ya awali.
Kicheko chao hufika kesho yake, saa nne asubuhi, kwa ujumbe:
"Dada, ile ya mjomba na jenereta
nimeielewa."

Moshi wanacheka papo hapo, ila kwanza wanagawa.
Kiingilio elfu kumi, vichekesho ishirini na tano,
kila kimoja shilingi mia nne.
Bwana mmoja wa Majengo alinisubiri mlangoni, mpole kabisa:
"Kile cha jogoo, binti yangu,
hakikufika mia nne."

Singida nililala gesti,
sabuni ukubwa wa kidonge,
ndala mbili, zote za kushoto.
Kesho yake zikanipa dakika tano za jukwaa,
mtu akamwaga soda kwa kucheka.
Usiku nikarudi chumbani.
Bado zilikuwa za kushoto.

Mgeni wa kizungu aliniuliza stendi: Kilimanjaro uko wapi?
Nikamwonyesha wingu.
Mlima wetu ni mpangaji mwenye deni,
hujitokeza alfajiri, kabla mwenye nyumba hajaamka,
kisha humwoni tena.
Walicheka sana kwa hiyo, pale Soweto.
Hawakujua ni saa ngapi mimi hutoka kwangu.

Na mama.
Miaka sita ananiuliza swali moja:
"Hizo kelele, wanakulipa?"
Tarehe ishirini na sita akashuka kutoka Kibosho
na wenzake watatu wa kwaya,
akakaa mstari wa pili, mkoba magotini,
kama anasubiri kuitwa na daktari.
Nami mdomo ulikwisha kuzoea njia,
ukaingia kwenye sahani zake
kabla sijaukamata:

Mama ana sahani za maua, za wageni.
Sisi tumekua na za plastiki, tukimngoja mgeni.
Mgeni akaja. Akasema ameshiba.

Ukumbi ukaanguka.
Wenzake wa kwaya wakapigana mabega.
Mama akafungua mkoba, akatazama ndani,
akaufunga.

Siku tatu sikupiga simu.
Ya nne nikapanda Kibosho kwa miguu kutoka barabarani,
na kabla sijafika uani nikasikia sauti yake
upande wa pili wa migomba,
anamsimulia Mama Ndeonasia, wakikata majani ya ng'ombe:
"... tumengoja huyo mgeni miaka thelathini na moja.
Akaja. Nikaitoa sahani, nikaifuta kwa kanga mpya.
Akasema, asante, nimeshiba."

Hapo akanyamaza.
Mimi hapo hukimbia, huwa naogopa ukimya.
Yeye aliuacha ukae,
panga likakata mara moja, mara mbili.

"Sahani ikapumua."

Mama Ndeonasia alitupa mzigo chini.
Alicheka mpaka ng'ombe akageuka,
mpaka nami nikaziba mdomo kwa kiganja
nyuma ya mgomba, machozi yananitoka.

Huyo sikumhesabu.
Alikuwa wa mama.

Nilipojitokeza wote wawili wakakaza nyuso
kama waliokutwa wanaiba.
Mama akapangusa panga kwenye jani.
"Umekuja na sukari," akasema,
"au umekuja na maneno?"