Saa Nane na Nusu

Hakuna aliyeiba.
Nilianza hapo, Bi. Syombua, maana ulisimama mlangoni
birika mkono mmoja, risiti mkono wa pili,
na ghorofa nzima ilikuwa inasikiliza.

Upper Hill, Julai, vioo vimelowa kwa ndani.
Nikakwambia: humu mna watumishi wawili usiowapikia chai.
Mmoja anaitwa Gawio. Mwenzake, Makato.
Mzee Oriedo aliwaandika, akawapangia saa,
akastaafu, akaenda Yala kufuga nyuki.

Gawio huamka saa nane za usiku, huongeza.
Makato huamka saa nane na nusu, hupunguza.
Nusu saa ilitosha
chama kilipokuwa na wanachama mia tisa.
Leo ni elfu arobaini na ushee.
Gawio hajamaliza orodha, Makato huyo,
naye huanzia mwisho, kurudi nyuma.
Wakakutana kwenye S.
Kwako.

Gawio akasoma akiba yako: elfu kumi na nane, mia nne.
Makato akasoma, papo hapo: elfu kumi na nane, mia nne.
Gawio akaongeza elfu mbili mia moja hamsini, akaandika.
Makato akatoa elfu tatu za mkopo wa mabati, akaandika
juu ya mwandiko wa mwenzake,
kama fundi apakaye rangi ukuta mbichi
bila kuugusa kwanza kwa kidole.
Kumi na tano, mia nne.
Hesabu ya kila mmoja ni sahihi, nimeipiga mara tatu.
Gawio lako halimo mfukoni mwa mtu.
Limo chini ya rangi.

Ukasema: basi wapigieni kufuli.

Nikapiga. Mbili, kwa pupa:
moja ya daftari la hisa, moja ya daftari la mikopo.
Usiku wa Jumatano Gawio akashika hisa, akataka mikopo.
Makato akashika mikopo, akataka hisa.
Hakuna aliyeachia.
Seva ikavuma hadi alfajiri, shilingi haikusogea,
hata Lemayian wa getini akapanda ngazi na tochi
kuuliza kama ni jenereta.

Wewe ulicheka. Ndiyo, ulicheka,
ukifuta meza yangu na mimi nimelala juu yake.
Ukasema jikoni mko wawili, wewe na Kageha,
sufuria moja, mwiko mmoja,
na hamjawahi kugombana tangu mkubaliane:
hakuna kugusa mwiko kabla ya kushika kifuniko.
Aliyekuta kifuniko kimeshikwa
akae, amenye vitunguu.

Nikaandika hivyo.
Hisa kwanza, mikopo baadaye, yeyote awaye.
Na ile saa nane na nusu nikaifuta:
Makato haangalii saa tena, anamwangalia Gawio.
Nilikesha kumtazama akingoja.
Hakuna cha kuona, Bi. Syombua. Nukta ya kijani
inawaka, inazima, inawaka.
Sikujua subira inaweza kuwa ndogo hivyo.

Kumi na saba, mia tano hamsini.
Hesabu mwenyewe, usiniamini.

Ila yuko wa tatu, nimemwona leo mwisho wa orodha.
Jina lake Usafi. Huamka Desemba tu, mara moja,
na sijui husafisha nini.
Oriedo hapokei simu, labda yuko mizingani.
Mimina hiyo hiyo, hata kama imepoa.