Jalada, Jalala

Miaka kumi na tisa napanga majalada
katika chumba chenye dirisha moja,
hapa Tabora, ambako vumbi huingia hata kwenye kiapo.
Kila kosa nalijua kwa harufu.
Wizi wa kuku hunuka moshi wa jikoni.
Matusi hunuka pombe ya jana.
Lile jalada lilinuka asali.

Mihambo Lubinza alitoka usiku, upande wa Sikonge,
baiskeli, madumu mawili, taa ya kufunga kichwani.
Alikuwa anawahi soko.
Gari likaja nyuma yake, jeupe, refu,
la mtoto wa mnunuzi wa tumbaku
(jina lake silitaji,
na kutolitaja kwangu ni sehemu ya kisa).

Polisi walichora ramani:
alama za matairi, ndala moja, dumu lililopasuka.
Nyuki hawakuwachora.
Nyuki walifika jua lilipopanda, wakaikalia lami mpaka jioni,
wakidai kilichokuwa chao,
na askari akaandika: eneo la tukio halikaribiki.
Hao ndio mashahidi pekee
ambao hakuna aliyewafuata nyumbani.

Kasi ilizaa kesi, kesi ikazaa tarehe.
Tarehe ya kwanza: mawakili wawili wa Dar,
dhamana ikasainiwa chai haijapoa.
Ya pili, mshtakiwa ana presha,
kijana wa miaka ishirini na tatu, presha,
na muhuri wa hospitali ya kulipia.
Ya tatu, shahidi amehamia Mpanda, ana pikipiki mpya.
Ya nne, mpelelezi yuko masomoni.
Ya tano, mvua.

Mvua ileile, asubuhi ileile,
Nkwabi, mchunga ng'ombe wa watu,
aliletwa amelowa mpaka kwenye pingu.
Alirina mizinga miwili isiyo yake.
Wakili hana. Presha hana.
Akaulizwa, akajibu, "Ndiyo, nilikuwa na njaa."
Ile ndiyo ikaandikwa.
Njaa haikuandikwa.
Miaka mitatu, Uyui.
Dakika kumi na moja, niliangalia saa ya ukutani,
na saa ile huchelewa.

Na mimi?
Mtu alikuja kwangu Isevya baada ya magharibi,
adabu tele, viatu kavivua mlangoni.
Mke wangu akamwita shemeji.
Akauliza mtoto anasoma wapi, ada kiasi gani,
akatikisa kichwa kwa huruma, akanywa maji, akasema,
"Masjala yenu imejaa sana, bwana karani.
Vitu hupotea humo."
Basi. Hakusema zaidi ya hapo.
Mpaka leo sijui kama aliniagiza
au alinisoma tu, kama mtu asomaye bango.

Herufi moja tu ndiyo inayotenga jalada na jalala.
Nililifunga kwenye gazeti, nikapita nyuma ya soko,
nikawasha kiberiti.
Halikushika upesi. Kurasa zilikuwa zimenata,
ramani imenata kwenye maelezo ya mjane,
na moshi wake, nisamehe, ulikuwa mtamu.

Mwanangu yuko kidato cha tano.
Gari limepakwa rangi ya kijani; huwa nalipisha njia.

Mjane anaitwa Nyanzala.
Kila Jumatatu anakaa benchi la nje,
kitambaa cha matobolwa mapajani.
Hapigi kelele. Ningependa apige.
"Karani, bado hawajaliona?"
"Bado, mama. Tunatafuta."
Ananimegea fungu langu, kubwa kuliko lake,
maana anaona ninavyohangaika kwa ajili yake.

Nayatafuna mbele yake, taratibu.
Matamu.