Kupasha Moto

Saa kumi na mbili jioni, gati la Mwanza Kusini.
"Mafuta kwanza," anasema Rwegoshora,
na pampu inakohoa
kama mtu aliyeamshwa bila salamu.

Kisha gia ya kugeuzia:
rota inazunguka polepole mno,
nzi angetua juu yake angesinzia.
Nafungua vali za kutolea maji. Moja. Mbili.
Ya tatu imekwama,
naibembeleza kwa spana na matusi ya Kisukuma.
Maji yakisalia humo, mvuke utayarusha kama mawe.

Huko juu abiria wa Bukoba wanagonga sitaha kwa visigino.
Nahodha anapiga simu mara ya pili.
"Mwambie chuma kinaamka."
Rwegoshora hainui kichwa:
ncha ya bisibisi kwenye beringi, mpini sikioni,
anasikiliza kama mkunga.

Mvuke kidogo. Subiri. Kidogo tena.
Ukiuharakisha, mhimili hupinda,
unene wa unywele tu,
na unywele unatosha.

Mimi mchana, Kirumba, niliingia nyumbani nikifoka,
Ng'walu hajavua hata kitenge cha msibani.

Mshale wa kipimajoto unapanda.
Saa tatu na robo.
Bado.