Mkia wa N

Filda Aceŋ aliingia dukani saa saba mchana,
jua la Lira limemkaa utosini,
mkononi simu yenye kioo kilichopasuka.
"Fundi, nitafutie jina langu."

Nikafungua orodha ya waliochaguliwa uuguzi.
Nambari arobaini na moja: AceÅ‹.
Tukalitazama wote wawili
kama wali uliotiwa mchanga.

"Kwenye kompyuta ya chuo ni kisanduku kitupu," alisema.
"Kwenye simu ya shangazi ni alama ya kuuliza,
Ace?
kana kwamba hata mimi sina hakika.
Na karani wa hospitali, kwa huruma zake,
aliung'oa mkia akaandika Acen."

Asiyejua Kilango haoni kosa.
Acen ni pacha, wa pili kutoka tumboni,
anayemfuata Apio.
Mwezi mzima wauguzi wamemwuliza Filda:
mwenzako yuko wapi?
Wengine waliuliza kwa sauti ya chini, ya msiba.
Naye alizaliwa peke yake, mchana kweupe,
mama yake akivuna ufuta,
na ceŋ ni jua.

Mimi Kiswahili nilikipata kambini, kwa baba mwanajeshi.
Nikamwandikia kwenye risiti: ng'ombe, ng'ara, ng'oa.
Sauti yako hiyo hiyo, nikasema,
ila sisi tunaishikiza kwa ritifaa.
Kijiti kile kikianguka, ng'ombe hatambuliki zizini.
Akacheka. "Nyinyi mna kijiti, sisi tuna mkia.
Wote tunaombea visidondoke."

Sikuwa nimemwambia
kwamba ukurasa ule niliutengeneza mimi,
Novemba, kwa haraka, umeme ukikatika kila saa,
nikaujaribu kwa Okello, kwa Apio, kwa Odongo,
majina yasiyo na mkia,
nikaona yamekaa sawa, nikalipwa, nikalala.

Herufi yenyewe haikukosa kitu.
Ilitumwa nzima, baiti mbili zimeshikana mikono,
ila ukurasa haukuambiwa kwamba ni ndugu,
ukazisoma moja moja kama wageni wa hoteli.
Katika kisa chote hiki
pacha walikuwa hao tu.

Nikaandika mstari mmoja kichwani mwa ukurasa,
mfupi kuliko salamu za Walango asubuhi.
Nikaweka na fonti inayoijua n ya mkia,
maana kuna fonti nzuri kama bibi harusi
ambazo kwa herufi hii hufumba mdomo.
Nikaupakia upya.

Aceŋ.

Alikisogelea kioo cha kompyuta hadi pumzi ikakitia ukungu.
Kisha akaangalia simu yake.
Kisanduku bado kipo.
Hiyo ni nzee, nikasema, herufi zake ziliisha kabla ya zenu.
Na hapo nikamwambia habari ya Novemba.

Hakusema kitu kwa muda.
Akachukua kalamu yangu, akaandika jina kiganjani,
mkia akauvuta mrefu hadi kwenye mshipa.
Nilikataa malipo.
Akaweka shilingi mia tano juu ya kibodi,
palepale kwenye N,
akatoka.