Karani wa Mizani

Msimu wa sita huu, Dadi Chilumba
anaburuta gunia hadi kwenye mizani yangu,
chama cha msingi, Newala,
na mimi bintiye
namsomea namba.

"Themanini na mbili. Toa moja ya gunia."
"Andika."

Hayo ndiyo maongezi yetu ya mwaka mzima.
Amadi mshona magunia
hujifanya uzi umemkwama.

Mfiwa hutandikiwa mkeka.
Watu huja na unga, na kanga, na pole,
arobaini ikipita mkeka hukunjwa.
Mimi, aliyenipotea anapita na baiskeli,
kofia ile ile, kikohozi kile kile.
Nitandike wapi?
Nani aje kunipa pole
ya mtu aliyenunua sukari leo asubuhi?

Binamu Mwanahawa husema damu ni nzito kuliko maji.
Binamu kazaliwa mabomba yanatoka.
Mama yangu, bomba likikauka, aliteremka bondeni usiku,
akapanda na ndoo kichwani,
alfajiri ikamkuta katikati ya mlima.
Angekuwepo ningemuuliza, kati ya hivyo viwili,
kipi kilimwinamisha shingo.

Kilichotokea sikielezi. Nikieleza kinakuwa kidogo:
mikorosho tisa ya mama, mnunuzi mmoja,
siku ya pili ya matanga.
"Sasa mtu anune kwa mikorosho tisa?"
Hapana. Kwa ile sauti aliyoniitia,
nikawashikie taa
wahesabu fedha.

Usiku nikiosha vyombo namhutubia.
Hotuba imenyooka, miaka sita naipiga randa.
Naye hunijibu vibaya kila mara,
kwa kuwa majibu yake pia
nayatunga mimi.

Nasema nina amani, na kweli ninayo.
Idi inapita tumbo halinisokoti.
Lakini harufu ya salfa ikiisha mashambani,
magunia yakianza kushushwa,
najikuta nachagua blauzi.

Maana baba hajui kuandika.
Karani humshika mkulima dole gumba,
akalichovya, akaligandamiza kwenye stakabadhi.
Sekunde tatu.
Lake lina kovu la mafuta ya korosho,
hapo ngozi ni laini kama ya mtoto mchanga.
Misimu mitano nimelishika.

Leo nimeshafungua pedi ya wino
akatoa kalamu mfuko wa shati.
Akainama, ulimi nje kidogo.
Akaandika D. Akapumua.
Chilumba ikapanda kilima, ikavuka mstari,
ikaniingilia kwenye safu ya kilo,
jina langu pia lile,
limepinda kama lilivyopinda langu darasa la kwanza.

Nani kamfundisha, sikuuliza.
Ni fahari, au ni kuukwepa mkono wangu?
Zamani ningemsoma usoni.

Nikang'oa nakala yake. Akaikunja mara nne.
"Anayefuata," nikaita.

Pedi ikabaki wazi mchana kutwa,
hadi Amadi alipoifunika,
akasema, dada, itakauka.