Orodha

Tulishuka York saa nne na robo asubuhi,
mimi na Sachiyo wa wodi ya sita,
zamu ya usiku bado imetung'ang'ania machoni.
Yeye ana orodha: vituo kumi na vinne,
kila kimoja na dakika zake,
kwa mwandiko mdogo, safi, kama maelezo ya dozi.
Mimi nina maandazi kwenye mfuko wa karatasi
na viatu ambavyo havikunipenda tangu dukani.

Ukuta wa mji unapandwa kwa ngazi nyembamba.
Juu, upepo hauna adabu.
Hatujafika hata mnara wa kwanza
ukainyakua orodha mkononi mwake.
Ikazunguka, ikajipindua, ikateremka mtelemkoni
kulala katikati ya maua ya njano,
na uzio wa chuma ukasema: basi.
Sachiyo aliitazama kama mtu anayeaga abiria.
Kisha akacheka. Miaka mitatu nafanya naye kazi,
sikujua kicheko chake kina mlio wa birika.

Haya, tukawa hatuna pa kwenda,
na asiye na pa kwenda hapotei.

Vichochoro tulivichagua kwa upana:
kikiwa chembamba mno kwa watu wawili, twende hicho.
Katika kimoja nyumba zimeinamiana juu ya vichwa vyetu
kama majirani wanaonong'onezana habari za mtu;
niliteremsha sauti, nisije nikawa huyo mtu.
Tukahesabu sanamu za paka zilizopachikwa kutani.
Yeye aliona saba. Mimi tano,
na paka mmoja wa kweli, mnene, dirishani mwa duka la vitabu,
aliyetutazama kana kwamba sisi ndio maonyesho.

Saa saba kengele za kanisa kuu zikaanza,
ugomvi mzuri wa shaba,
ukanitingisha mpaka kwenye meno.
Bei ya kiingilio tukaisoma, tukaguna,
tukakaa nje kwenye ngazi kula maandazi.
"Umetia nini humu?" Iliki, nikamwambia.
Akalitamka neno polepole,
kama mtu anayekanyaga barafu.

Mtoni, mlangoni mwa baa ya zamani,
wamechora mistari ya mafuriko na miaka yake.
Mstari wa juu unanipita kichwa.
Nikasimama chini yake, mkono juu,
Sachiyo akanipiga picha nikiwa nimezama
na soda mkononi.

Hapo ndipo aliponisimulia Kanazawa:
bustani wanayoijia watu kutoka pande zote,
misonobari iliyofungwa kamba theluji isiivunje,
naye kazaliwa mitaa minne kutoka langoni
akaingia mara mbili tu,
zote kwa ajili ya wageni.
Nami nikakumbuka mapango ya Amboni,
Ijumaa ngapi nilipita njia ile kwenda kwa shangazi Mwanatumu,
nikiwaona watalii na kofia zao,
nikijiuliza: jiwe, jamani, jiwe lina nini?
Leo nimelipa nauli ya treni kuja kutazama jiwe.

Tulinyamaza. Bata bukini wakapita kwa mstari,
wakiidai njia kama ya urithi;
mmoja akamzomea bwana mwenye baiskeli
mpaka bwana akashuka.

Alasiri tukarudi ukutani. Mama akapiga simu ya picha.
Uko wapi, mbona upepo?
Juu ya ukuta, mama.
Unafanya nini juu ya ukuta wa watu?
Natembea.
Kwenda wapi?
Nikakosa jibu, nikamwonyesha maua.
Yanaitwaje? Sijui jina lake kwa Kiswahili.
Yanaliwa? Hapana.
Aha, akasema, na mazungumzo yakahamia bei ya mchele.
Chini, katikati ya njano, orodha bado ilikuwapo,
imefunuka, hakuna kituo kilichopigwa alama.

Kwenye treni ya Leeds nimevua viatu chini ya kiti.
Sachiyo kalala, paji la uso kwenye kioo.
Karibu na kituo akafumbua jicho moja.
"I-li-ki," akasema,
akalifumba tena.