Kazi ya Kukaa

Boya halikai hivi hivi.
Nimelijua hilo Jumanne hii, saa ya kupimia mkononi
na kahawa iliyokwisha poa,
juu ya gati la mbao nyuma ya kiwanda cha karatasi,
Ufini, mwisho wa Mei,
saa mbili za usiku na jua bado liko macho.

Ukilitazama kutoka ufukweni utasema limetulia:
chungwa kubwa juu ya maji ya kijivu.
Lakini inama, sikiliza.
Chini yake mota mbili zinanong'ona,
ndogo kama za mswaki wa umeme,
hii mbele, hii nyuma, kidogo, tena kidogo.
Upepo unalisogeza shibiri, linarudi shibiri.
Setilaiti zinaliambia: umepotea dhiraa moja.
Nalo, bila kununa, linarudi.

Irmeli aliyaunda matatu
juu ya meza ya jikoni, mumewe akinywa supu amesimama.
Miaka ishirini na sita alifanya kazi kiwanda cha simu;
kilipofungwa alitoka na sanduku la bisibisi
na hasira isiyokuwa na pa kwenda.
Ndoo za rangi, sponji la mkeka wa mazoezi,
dira isiyozidi ukucha.
"Sitaki nanga," alisema. "Nanga ni uvivu."

Kabla ya hapo nanga zetu zilikuwa matofali,
na mpelekaji alikuwa Taisto.
Upepo ukigeuka, Taisto anapiga makasia.
Upepo ukirudi ulikotoka, Taisto anapiga makasia,
na sisi huku nchi kavu, watu wazima wenye rimoti vifuani,
tunampigia kelele: kushoto! zaidi! ah, umezidisha!
Hakujibu kamwe.
Alitema mate majini, akatazama yanaelekea wapi,
kisha akadondosha tofali pale alipotaka yeye.

Majira ya baridi yaliyopita moyo wake ulitiwa betri.
Daktari akasema: makasia basi.

Jumanne, basi, mashua kumi na moja,
kila moja haizidi mita kutoka omo hadi tezi,
zikaanza kubisha,
maana kwa upepo hupiti ukiitikia tu:
ubishe kulia, ubishe kushoto,
ubishe hadi ukuachie njia.
Boya la joshini lilikuwa sawasawa,
tarakimu saba baada ya nukta.
Mashua ya kwanza ikalizunguka, ikasimama. Kh!
Ya pili ikaipanda ya kwanza mgongoni.
Ya tatu, ya Kaarlo Ruohonen, iliyopakwa rangi miezi mitatu,
ikainama kama mtu aliyeulizwa umri wake.
Irmeli akatazama simu. "Lipo mahali pake," akasema.
"Lipo kabisa mahali pake."

Nyuma yetu, kwenye benchi, kicheko.
Hatukuwahi kukisikia.
"Jiwe," Taisto akasema. "Kuna jiwe pale, kama ng'ombe aliyelala.
Miaka kumi na tisa nalikwepa."
Hukutuambia!
"Mlikuwa mnapiga kelele."

Tukampakia kama trei ya mayai.
Mimi nikashika makasia, vibaya,
Irmeli mbele ameinua simu kama taa.
Taisto akatema mate, akangoja.
"Hapa. Na hapa. Mkia wake unaishia hapa."
Irmeli akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza,
jiwe likaingia kwenye tarakimu.
Skrini ikataka jina.
Alifikiri mpaka tukaanza kupeperuka.
"Martta," akasema.
Safari hii tuliuliza.
Hakujibu.

Sasa boya limesogea mita nne kusini,
linahangaika papo hapo, papo hapo,
mashua zinaligeukia kwa bega moja, zinapita.
Taisto kwenye benchi anaegemea kushoto
kila zinapogeuka.
Nami sikuandika muda wa mshindi.
Nilikuwa natazama kitu kinavyokaa.